Kisa cha Nne

Kimanga, Uvira, 12 Februari

Naanza daftari hili leo kwa sababu leo nimepata kazi. Neno hilo naliandika taratibu. Nina miaka sabini na mmoja, na tangu tulipokimbia Runingu mwaka wa tisini na sita watu wameniita kuwasomea barua na kuwaandikia wasifu wa marehemu, lakini kazi, yenye tarehe na ukumbi, hakuna aliyenipa.

Aliyeileta ni Florentine. Nilimfundisha darasa la nne huko Runingu, akikaa dawati la mbele kwa ajili ya ufupi wake na maswali yake. Sasa ni asistanti sosiali, afisa wa ustawi wa jamii, ana miwani na pikipiki, na maswali hayajaisha.

"Mwalimu, mu mwezi wa ine tunafanya mukutano hapa Uvira. Siku tatu. Manesi, walimu, polisi ya watoto, wachungaji, kutoka huku ziwani mpaka Katogota. Tunatafuta namna ya kuzuia watoto wasiteswe na wasiachiliwe peke yao. Kuzuia, Mwalimu. Kulia nyuma tumeshalia sana."

"Na mimi nitafanya nini humo?"

"Weye njo sekretere. Tena utatuandikia visa vine vya kazi ya makundi. Kila mwaka wanatutumia visa vya kwao. Mwaka jana kulikuwa mutoto aliyeachwa ndani ya gari wakati mama anafanya manunuzi. Tulikuwa watu makumi tatu, wote tukauliza swali moja: hii gari ni ya nani?"

Nilicheka mpaka nikakohoa, hata sikusahihisha *njo* yake, ambayo ni *ndiye* ya huku.

"Andika vya hapa," alisema akiwasha pikipiki. "Badilisha majina na mahali, muntu asijulikane. Lakini kiwe cha kweli."

13 Februari

Mvua. Nimechonga penseli sita. Moja ingetosha.

18 Februari

Visa viwili vimekwisha. Cha kwanza ni cha msichana aliyetolewa shule ili afukuze ndege kwenye mpunga wa uwandani. Cha pili ni cha mwanafunzi anayepigwa na mwalimu wake. Hicho nilikijua kutoka ndani: fimbo ile niliishika mimi kwa miaka kumi na minane, na nilipoiandika nilisikia hata mlio wake. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto nimeisoma mara mbili. Ni kitabu kizuri kuliko nilivyodhani. Kila sentensi inajua inamwendea nani.

Kizito amechomeka mti mwingine ufukoni kupima maji. Anasema mwaka huu ziwa halikai.

Kizito ndiye mwenye parseli hii, kiwanja ninachoishi. Tulipofika mwaka ule, mke wangu akiwa na cherehani kichwani na mimi na vitabu vinne tu kati ya mia mbili, alitutazama, akapima hatua kumi na mbili katika pembe ya uwanja kwa miguu yake mirefu ya mvuvi, akasema, "Jenga." Hakudai karatasi. Hakudai kitu. Mke wangu nimemzika mjini humu, na mimi nipo bado kwenye hatua zile kumi na mbili. Tangu siku ile sijawahi kutoa nje neno la nyumba ya Kizito. Aliyepewa mahali pa kuweka mafiga hasemi ya aliyempa. Hilo hakunifundisha mtu. Kila mkimbizi hulijua kabla hajafungua mzigo wake.

25 Februari

Kwenye parseli yetu kuna nyumba tatu. Juu ni ya Kizito, katikati kibanda changu, na chini kabisa, upande wa ziwa, nyumba ya Olga, mjane wa mwana wa Kizito. Olga huuza ndagala, dagaa wa ziwa hili, sokoni. Hutoka asubuhi na beseni kichwani, hurudi jua likizama, na tangu Krismasi anamfungia ndani binti yake Eliane, mwenye miaka saba, kwa kufuli la nje. Shule mtoto haendi tena. Chakula chake huachwa kwenye sahani, na ikifika saa nne ameshakimaliza.

Sikupendezwa tangu mwanzo. Nilimwona Olga kuwa mwanamke mgumu. Lakini nimepata njia yangu ya kusaidia, na leo, kwa kuwa naandika mwenyewe kwa mwenyewe, nakiri kuwa ninajivunia. Kila siku hubeba kiti mpaka ukutani kwake na kumsomea mtoto kupitia ufa wa mlango.

"Mwalimu, uko?"

"Niko."

"Leta ile ya fisi."

Nikasoma. Akanikatiza.

"Jana ulisema fisi alikaa na njaa siku mbili. Leo unasema tatu."

"Labda ulisikia vibaya."

"Masikio yangu iko mazuri. Walifunga mulango, hawakufunga masikio."

3 Machi

Maji yameingia kwenye lengalenga la Olga, ile mboga yake ya upande wa ziwa.

9 Machi

Kisa cha tatu kimenichosha na sikipendi. Lakini cha nne kimetoka kwa mkupuo mmoja, tangu saa mbili mpaka adhuhuri, na nimefurahi kama kijana aliyefaulu mtihani.

Nimeandika mlango wa Olga. Eliane nimemgeuza mvulana wa miaka minane, Toussaint. Kimanga nimeigeuza kijiji cha uwandani, ziwa nimeligeuza mto. Mama nimemwacha mama, hana jina. Hata babu nimemfuta kabisa ili Kizito asionekane. Kisha, ili kisa kisiwe giza tupu, nimeweka jirani mmoja, mtu msomi mwenye moyo mwema, ambaye kila siku humsomea mtoto hadithi kupitia ufa.

Nimekisoma kwa sauti. Kina mizani. Hakuna atakayejua.

15 Machi

Kikao cha maandalizi. Kumbe nilikuwa na kiu ya watu wanaobishana juu ya jambo lenye maana! Tulikuwa watano kwenye ofisi ya Florentine. Yupo Bruno, polisi wa watoto, jitu kubwa ambalo kiti kililalamika lilipokaa. Mimi na sare hatujawahi kupatana. Niliyoyaona yakifanywa na watu wenye sare yanatosha. Yupo pia Pudentienne, mkuu wa shule moja ya Katogota, mama wa sauti ya kengele, ambaye hajawahi kuacha neno lilale mdomoni.

"Bruno, kweli weye njo polisi ya watoto?" alimwambia. "Mutoto akikuona si atakubali hata makosa ya babu yake!"

"Njo maana mimi nakaa chini, Mama Direktrisi. Nikikaa chini kabisa, minye na mutoto tunakuwa sawa."

"Chini wapi? Ukikaa chini uko bado mulima."

Bruno alicheka kuliko sisi wote. Kisha akatueleza kwa utulivu namna anavyomuuliza mtoto bila kumtia jibu mdomoni: kwanza umechezea wapi, umekula nini, nani yuko nyumbani mchana. Nimeandika kila neno. Ni mwalimu mzuri kuliko nilivyokuwa mimi.

Visa vimepokelewa. Florentine alisoma cha nne mara mbili, akaniangalia juu ya miwani. "Hiki iko na uhai," alisema. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwenye mvua, na sikufungua mwavuli.

28 Machi, Alhamisi Kuu

Ziwa limeingia ukumbini. Ukumbi tuliopewa ulikuwa karibu na ufuko, na leo nimeona samaki wadogo wakipita kati ya miguu ya viti. Watu watakuja kutoka uwanda mzima na hatuna pa kuwaweka! Nimezunguka na Florentine kwenye pikipiki, mimi, na umri huu, nimeshika kofia. Mahali pa tatu tumepata madarasa mawili ya shule upande wa mlima, ukuta wa kati ni wa mbao na unaondoka. Tumeuondoa wenyewe. Mkutano haufi.

Kwa Kizito maji yamefika chooni. Nyumba ya Olga ndiyo ya chini kuliko zote.

5 Aprili

Leo nilimsubiri Olga kabla hajatoka. Nilizunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha nikasema maji yanapanda, na labda kufuli si jambo jema siku hizi.

Alitua beseni.

"Baba Mwalimu, nakuheshimu. Nikimuacha wazi, nani atamuangalia?"

Nilitazama maji.

"Basi," alisema. Akafunga, akatikisa kufuli mara mbili, akaenda.

Nilitaka kuandika hapa kwamba ni mkaidi. Neno hilo nimeliandika, nimelikata. Kizito alikuwa ameketi mbali, mgongo ametugeuzia, kama ilivyo desturi. Baba mkwe hakaribii mlango wa mke wa mwanawe, wala haangalii ndani. Tangu mwanawe afe, Kizito hajausogelea mlango ule chini ya hatua kumi. Mchana humsikia mjukuu wake kwa sauti tu, kama ninavyomsikia mimi.

Nilisogeza kiti, nikasoma. Eliane alisema sakafu imekuwa baridi.

16 Aprili

Siku ya kwanza! Watu sitini na wawili. Nimehesabu mara mbili, maana orodha ni yangu. Wa Katogota walitoka na giza, wakafika na matope mpaka magotini, wanaimba. Muuguzi mmoja alionyesha jinsi ya kutofautisha alama ya kuanguka na alama ya kupigwa, akitumia kiazi na kalamu ya wino. Mchungaji mmoja alisema mtoto ni zawadi ya Mungu, na Pudentienne akamwuliza kutoka nyuma, "Sasa, Pasta, zawadi ikifika kwenu munaifungua ao munaipiga?" Chai ilichelewa na hakuna aliyeondoka. Nimejaza kurasa kumi na moja. Maisha yangu yote nimesoma vitabu vya watu waliokuwa mahali jambo linapotendeka. Leo nilikuwa mahali hapo.

Nilirudi nikaona maji kwenye kizingiti cha Olga. Ameinua kitanda kwa matofali.

18 Aprili, alfajiri

Jana sikuweza kuandika. Naandika ya jana sasa, kwa mpangilio.

Saa tatu tuligawana makundi manne, kila kundi na kisa chake. Mvua ilikuwa imeanza, na mabati ya shule yalipiga kelele hivi kwamba watu walisogeza vichwa karibu karibu. Saa nne kasoro robo wakaanza kutoa majibu. La kwanza, la pili, la tatu. Nikaandika. Kisha Pudentienne akasimama kwa niaba ya kundi la nne, na sauti yake ikaishinda mvua.

"Walitupa dakika makumi ine. Tulimaliza mu kumi. Juu ya mama tuligombana: wengine wanasema ni mubaya, wengine wanasema anaogopa kitu, na kisa hakisemi ni kitu gani. Tutarudia. Lakini juu ya muntu mumoja hatukugombana hata kidogo." Akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani. "Uyu musomi!"

Watu wakaanza kucheka.

"Anamusomea mutoto mu kifungo! Mto unapanda, yeye anafungua kitabu! Kama ni hadisi njo zinafungua kufuli na kadenas, basi tumupe kazi ya fundi wa milango!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga meza. Mchungaji alifuta macho. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, kwa hiyo niliandika: *jirani, mtu msomi*, nikaweka alama ya nukta mbili, na mbele yake sikuweza kuandika kitu. Nilikuwa nimemweka mtu yule ndani ya kisa ili awe mwanga. Watu wa kundi moja, wenye kazi hii, walimtazama kwa dakika kumi, wakamwona alivyo.

Kisha Bruno, ambaye bado alikuwa akicheka, aliuliza swali la kazi yake. "Sekretere, kisa hakitwambii mto umefika wapi. Hatuwezi kupanga. Mutoto iko na saa ngapi kabla maji iingie?"

Kutoka pale shuleni, ziwa huonekana lote. Nilitazama dirishani na sikuona mstari wa ufuko.

Nilisimama. Niliwaza hatua kumi na mbili za Kizito. Siwezi kusema sikuziwaza.

"Maji yamefika kizingitini," nilisema. "Tangu jana."

"Maji ya mto?"

"Ya ziwa. Mtoto si mvulana, ni msichana. Anaitwa Eliane, yuko Kimanga, dakika kumi na tano kutoka hapa. Mama yake yuko sokoni. Jirani ni mimi."

Florentine hakuniuliza kwa nini.

"Iko ndani saa hii?"

"Iko ndani," nilijibu, mimi ambaye husahihisha *iko* za watu wote.

Tulishuka watano: Florentine, Bruno, mimi, muuguzi wa kiazi, na Pudentienne, viatu mkononi. Njiani Florentine alisema jambo moja tu, bila hasira: "Mwalimu, jina la mutoto hatulitoi mbele ya watu. Hata siku ya moto." Nilijifunza na hilo.

Uwanjani maji yalifika katikati ya mguu. Kizito alikuwa akiokoa nyavu. Aliiona sare ya Bruno, akajinyoosha.

"Thaddée." Miaka yote hii huniita Mwalimu. "Umeniletea polisi mu parseli?"

"Nimekuletea watu, Kizito. Kwa ajili ya mlango wa Olga."

"Mulango wa Olga ni wa Olga. Minye sigusi mulango wa muke wa mwanangu. Unajua. Na hawa hawagusi kitu hapa, mpaka mwenyewe arudi." Akasimama mbele ya mlango, mbali nao kwa hatua zake kumi, mikono wazi, kama anayezuia ng'ombe.

Bruno alivua kofia. "Mzee, heshima iko. Lakini maji haijui mukwe."

"Usinifundishe maji."

Ndipo sauti ikatoka ndani, wala haikuwa ya kilio. Ilikuwa ya mtu anayetoa habari.

"Babu! Niko juu ya meza. Sufuria zinaogelea."

Kizito hakugeuka. Aliniangalia mimi. Nilitaka kusema kitu chenye hekima. Nilisema, "Kizito, mimi nimekaa nje ya mlango huu tangu Krismasi. Usikae kama mimi."

Alikwenda kwenye mtumbwi akachukua tezo lake la kuchongea. Aliporudi alisema, kwa sauti ndogo, "Muangalie pembeni."

Tukageuka wote, polisi, muuguzi, mkuu wa shule na asistanti sosiali, tukaelekeza nyuso zetu mlimani, mvua ikitupiga machoni, ili asiwepo shahidi wa mzee anayeingia chumbani mwa mke wa mwanawe. Tulisikia bawaba ya kwanza ikilia. Ya pili. Maji yakisukumwa. Kisha Kizito akasema, "Sasa."

Alikuwa mlangoni, na Eliane shingoni mwake, amemshika masikio. Mtoto alikuwa amekonda na macho yake yalikataa mwanga, akayafinya. Bruno akachuchumaa ndani ya maji mpaka kiunoni, akawa sawa na hakuna mtu, maana mtoto alikuwa juu shingoni.

"Dada, umekula?"

"Bado. Na weye?"

"Minye pia bado."

Eliane akanigeukia. "Mwalimu, leo hukuleta kitabu?"

"Sikuleta."

"Ni vizuri. Kingelowa."

19 Aprili

Siku ya tatu, jana. Nilidhani watu watakuja wamechoka. Walikuja kabla ya saa, wote, na wengine wawili ambao hawakualikwa.

Saa tatu na robo Olga aliingia. Alikuwa na kitenge cha sokoni na harufu ya ndagala, na usiku alikuwa amelala nyumbani kwa Kizito na mtoto mikononi, Kizito akilala mtumbwini. Hakuna aliyemwita. Alisimama mbele, pale wanaposimama wataalamu.

"Nani njo sekretere? Ah. Baba Mwalimu. Andika basi, andika vizuri vile unajua."

Niliandika.

"Mwezi wa kumi na mbili, mutoto wa jirani yetu alikamatwa kwa nguvu njiani akitoka shule. Muliisikia. Minye niko na mutoto mumoja, bwana amekufa, na ndagala haijiuzi. Nilinunua kadenas. Munasema kuzuia, kuzuia. Minye nilizuia! Hamukuniona? Mulikuwa wapi? Mulikuwa mu mukutano."

Hapo hapakuwa na kelele ya mvua ya kutuficha. Mwanamume mmoja wa mbele alisimama na kusema, kwa lugha ya barua, kwamba mtoto apelekwe kituo cha watoto Bukavu mpaka mama atakapotengemaa. Olga alishika ukingo wa meza yangu. Niliona vidole vyake.

"Hapana," alisema Florentine. "Kumutoa mutoto kwa mama ni dawa ya mwisho. Bado hatujajaribu ya kwanza." Akavuta kiti akaketi mbele ya Olga, magoti kwa magoti. "Mama, muchana, nani anabakia ku parseli?"

"Mwalimu."

"Siku zote?"

"Siku zote. Anasoma."

"Ulimuomba akuangalilie mutoto?"

Olga alimtazama kana kwamba ameulizwa jambo la aibu. "Muntu mukubwa vile, mwalimu wa watu, nitamufanya yaya? Minye mutoto wa nani?"

"Na weye, Mwalimu? Ulimwambia kama unaweza?"

"Mimi ni mgeni pale," nilisema. "Si nyumba yangu kuisemea."

Florentine akageuka kwa watu. Pudentienne ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza polepole: "Basi mutoto alifungwa na heshima. Ya huyu, ya yule, na ya babu."

Baada ya hapo sijawahi kuona ubishi wa furaha kama ule! Kila mtu alikuwa na mlango wake. Manesi walitaja nyumba wanazopita kila siku na kuogopa kuziulizia. Mchungaji alisimama akataja ya kanisa lake, bila majina, alishajifunza. Bruno alisema swali la nani yuko nyumbani mchana liwe la kwanza kwenye fishi yetu, fomu ya kila mtoto, kabla hata ya umri. Likapita kwa mikono yote. Waliomba mkutano ujao ufanyike Katogota. Nimejaza kurasa kumi na nne na kidole kina shimo.

Mwishoni Florentine alijaza fishi ya Eliane, faragha, sisi wanne tu: yeye, Olga, Bruno na mimi. Mtoto abaki na mama. Arudi shule Jumatatu. Mtu wa kumpeleka, kumrudisha na kukaa naye mpaka mama afike: hapo paliachwa mstari mtupu.

Nikachukua kalamu. Olga alinitazama nikiandika jina langu lote, na la baba yangu.

"Baba Mwalimu," alisema, "anakula sana. Nakwambia mapema."

22 Aprili

Tumekwenda shule. Ana maswali kumi na saba kati ya nyumbani na barabara. Nimechoka vibaya sana na vizuri sana.

27 Aprili

Kizito hajasema nami siku kumi. Hupita, hukohoa, huendelea. Mimi na Olga tumehamishia vitu vyake kibandani kwangu. Nyumba yake sasa ni ya ziwa. Mimi nalala sebuleni kwangu, ambayo ni hatua tatu. Eliane anasema ninakoroma kwa Kifaransa.

Nimefunga vitabu vyangu kwenye sanduku, endapo itabidi kuondoka. Nilihama mara moja nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Sijui kama mgongo huu unakubali mara ya pili. Lakini nimeisoma upya ile sehemu ya daftari ya tarehe kumi na nane, na sioni neno la kukata.

12 Mei

Mvua imekatika tangu Jumatano. Ziwa halikushuka. Leo asubuhi lilikuwa mlangoni kwa Kizito mwenyewe, nyumba ya juu, na mlangoni kwangu.

Alikuja nikiwa nafunga godoro. Alisimama nje akaangalia sanduku la vitabu.

"Unaenda wapi?"

"Nilingoja useme."

"Niseme nini? Parseli haiko tena." Aliketi juu ya sanduku. Miguu yake ile mirefu ilikuwa ndani ya maji mpaka kwenye vifundo. "Ndugu yangu wa upande wa mulima amenipa mahali. Nimepima. Tunatosha wote, na Olga na mutoto."

Nilimshukuru. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Siku ile uliniaibisha, Mwalimu."

"Najua."

"Nilikasirika. Kisha kila siku namuona mutoto anapita na mufuko wa shule, na hasira inakosa pa kukaa." Aliitazama nyumba alimozaliwa. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Minye sijahama hata siku moja. Weye unajua. Muntu anaanza na nini?"

Watu wamenihurumia kwa jambo hili karibu miaka thelathini. Hakuna aliyewahi kuniuliza juu yake kama ujuzi. Nilifikiri vizuri, kama mwanafunzi aliyepewa swali analolijua. Vyombo hapana. Karatasi hapana, hata vitabu.

"Kwanza," nilisema, "mnajua watoto wako wapi. Kabla ya kuinua hata kijiko."

Kizito aliitikia kwa kichwa. Akasimama, akajaza kifua, akaita kama anavyoita mitumbwi.

"Eliane! Uko wapi?"

Hakukuwa na mlango wowote uliobaki umefungwa kwenye uwanja ule, na jibu lilitoka juu yetu, kwenye paa la mama yake, alipokuwa ameketi na kuku wawili.

"Niko hapa! Nawaangalia tangu zamani. Njo munanitafuta sasa?"